Fulana Iliyofanywa Jirani

Katika maabara iliyo kando ya msitu, nje kidogo ya mji wa Enschede, palikuwa na kiti kimoja kisichokuwa na meza. Wahandisi wote walikuwa na meza zao, hadubini zao na mitungi yao ya gesi. Dineke Roelvink alikuwa na kiti. Kila Jumanne alivaa vazi jeupe la kufunika mwili mzima, kwa kuwa katika chumba kile hata vumbi la nguo ni adui, akaketi, akawauliza wanasayansi maswali yasiyokuwa ya sayansi. Nani atakivaa hiki? Nani atakifua? Kikilia, nani atakayeinuka kwenda kutazama? Wakambandika jina la Bibi Itakuwaje, naye akalipokea kwa moyo mkunjufu, hata akaliandikisha kwenye kikombe chake cha kahawa.

Kazi yake ilikuwa na jina refu katika karatasi za chuo, ila maana yake ilikuwa fupi: kupima, wakati kitu kingali kinaundwa, kitawafanyia nini watu watakaoishi nacho. Hakuijia kazi hiyo kwa bahati. Baba yake alikuwa mfumaji katika viwanda vya pamba vya mji huo, na Dineke alikuwa mtoto wa shule viwanda vilipofungwa kimoja baada ya kingine. Baba alikuwa akisema mezani, pasipo hasira, kwamba mitambo mipya ilipoletwa hawakuulizwa neno mpaka ilipokwisha kufungwa sakafuni, na mtambo uliokwisha kufungwa sakafuni haubishani na mtu. Maneno hayo yalimwingia binti yake yakakaa. Alipokua akajaaliwa kusoma, akachagua elimu ya kuuliza mapema.

Mwaka ambao habari hii ilitokea, kilichokuwa kikiundwa katika chumba kile cheupe kilikuwa fulana. Nyuzi zake zilipakwa chembe ndogo kiasi kwamba unywele wa binadamu, ukilazwa kando ya chembe moja, ni gogo. Chembe hizo zilionja chumvi ya jasho la mvaaji, na kwa chumvi ile zikajua kama mwili una maji ya kutosha au unakauka. Kifungo kidogo ubavuni kilipeleka habari. Wazee wengi waishio peke yao husahau kunywa maji, na katika kiangazi cha joto kali usahaulifu huo huua.

Aliyeibuni alikuwa Profesa Wolter Hesselink, mkuu wa maabara, mtu mrefu, mpole, asiyependa mzaha wakati wa kazi. Mama yake mwenyewe alifariki kwa namna hiyo, katika ghorofa ya mji mkubwa, na majirani wa ngazi ileile hawakujua hata jina lake. Kwa hiyo aliposanifu kifungo, alikielekeza mahali pamoja tu: kituo cha wauguzi kilicho mbali, ambapo mtu hukesha mbele ya skrini.

"Wolter," Dineke akamwambia, kwa maana katika maabara zile mkubwa na mdogo huitana kwa majina, "kwa nini kisiweze kumwita jirani kwanza?"

"Majirani ni watu wazuri sana, Dineke, mpaka siku unapowahitaji."

"Huko kwa mama yako. Kwetu kijijini Buurse je?"

"Kwenu Buurse kuna watu wangapi? Fulana hii itavaliwa nchi nzima."

Shida ilikuwa kwamba mchoro wa kifungo ulikuwa karibu kupelekwa kwa watengenezaji. Ukishakatwa juu ya bamba la silikoni, njia ya habari ingefungwa humo moja kwa moja, na hakuna ambaye angekubali kuanza upya. Dineke akauona mtambo wa baba yake ukishuka tena kwenye sakafu. Akaomba fulana chache za majaribio zivaliwe kijijini kwake kabla ya hapo, na Sietse Dijkema, mhandisi kijana kutoka Friesland, akae mbele ya skrini kana kwamba yeye ndiye kituo cha wauguzi.

Hesselink akafikiri. "Sawa. Wazee wako wakinionyesha jambo ambalo hesabu zangu hazikuliona, nitauzuia mchoro. Wasiponionyesha, mchoro unaondoka Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na hatutalizungumza tena."

Wa kwanza kuvaa alikuwa Jenneken ter Braak, mjane aliyefika umri wa kuchagua atakachokisikia. Dineke alimwita shangazi, ingawa hawakuwa na damu moja, kwa sababu watoto wote wa njia ile walimwita hivyo.

"Haichomi?" Jenneken akauliza, akiigeuzageuza fulana.

"Haichomi, shangazi."

"Haitasema uzito wangu?"

"Itasema kama umekunywa maji, basi."

"Maji hata ng'ombe hunywa bila fulana," akasema, lakini akaivaa.

Sasa katika vijiji vya upande ule, haki ya jirani haikuachwa ielee hewani, imewekewa utaratibu. Kila nyumba ina jirani wake wa kwanza, naye si yule unayempenda zaidi, bali yule ambaye desturi imemweka. Mtoto akizaliwa, huyo ndiye hutangulia kubeba ngazi iliyolazwa mkate mrefu wa zabibu. Mtu akifa, huyo ndiye hushika mbele ya jeneza. Baina ya siku hizo mbili, huyo ndiye huangalia mapazia: yakiwa hayajafunguliwa saa mbili asubuhi, huchukua ufunguo akavuka njia.

Jirani wa kwanza wa Jenneken alikuwa Gait Nijhuis, mstaafu aliyeendesha gari la maziwa maisha yake yote, naye pia mjane. Kila siku saa nne aliingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, akaketi, akailaumu kahawa, akanywa vikombe vitatu na glasi ya maji ya matunda, na Jenneken, asiyekubali kushindwa katika lolote, akanywa naye sare kwa sare.

Wiki ya kwanza fulana ilinyamaza. Sietse aliitazama skrini mpaka akachoka. Alama ya Bibi ter Braak ilikuwa ya kijani tangu asubuhi hadi usiku. Jumapili, watu walipokuwa wakitoka kanisani, Dineke akamwona Gait akiwa amesimama na wenzake, akamgusa bega kwa upendo.

"Gait, sasa nawe upumzike kidogo. Fulana itamwangalia shangazi."

Gait akagusa ukingo wa kofia yake. "Haya. Kama mmeshaamua."

Dineke akaenda zake akiwa na furaha ya mtu aliyesema neno jema.

Kuanzia Jumatatu alama ikawa ya njano, Jumanne ikawa nyekundu. Sietse akapiga simu kama alivyofundishwa.

"Bibi ter Braak, umekunywa chochote leo?"

"Nimekunywa."

"Fulana inasema hukunywa."

"Fulana hii nimeivaa mimi, au imenivaa yenyewe?"

"Kunywa glasi moja tafadhali, bibi."

"Nitakunywa. Na wewe kijana, umekula? Hiyo sauti ni ya mtu asiyekula."

Alikunywa glasi ile moja kwa utiifu, wala hakuongeza. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Hesselink aliposimama nyuma ya kiti cha Sietse, uso wake ulikunjuka kwa namna ambayo wenzake hawakuizoea.

"Unaona, Dineke? Bibi anakauka, nasi tumejua papo hapo. Angekuwa mama yangu, angekuwa hai."

"Lakini wiki iliyopita hakukauka."

"Pengine ni joto."

"Joto ni lilelile, Wolter. Mimi pia ninaishi huko."

Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Jioni ile alipotoka kazini hakwenda kwake, alikwenda moja kwa moja kwa Jenneken. Mezani kulikuwa na kikombe kimoja, kikavu. Kopo la biskuti lilikuwa limefungwa.

"Gait alikuwepo leo?"

"Gait gani?"

"Shangazi."

Jenneken akatazama dirishani, ng'ambo ya njia. "Hajafika tangu Jumapili. Pengine kahawa yangu imemshinda. Miaka yote hii, mwishowe ulimi wake umepata akili."

"Hukumuuliza?"

"Nimuulize mtu kwa nini hanitaki? Nina aibu zangu bado."

"Na wewe, kahawa yako unainywa saa ngapi?"

"Kahawa ya kunywa peke yako ni dawa, binti yangu, na mimi siumwi."

Dineke akavuka njia. Gait alikuwa bustanini mwake, ameinama juu ya tuta la karoti, aking'oa magugu yasiyokuwepo.

"Gait, mbona huendi kwa Jenneken?"

"Niende kama nani?"

"Kama jirani wake wa kwanza."

Mzee akainuka polepole, akapangusa mikono kwenye suruali. "Jirani wake wa kwanza ni fulana. Wewe mwenyewe ulinivua kazi mlangoni pa kanisa, mbele ya watu. Mtu akishapokewa kazi, harudi kuchungulia kama mwenzake anaifanya sawasawa. Hiyo ni dharau. Asubuhi nikiona mapazia, nageuza uso." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nilishangaa tu kwamba hamkuleta hata keki ya kuniaga."

Dineke akasimama pale katikati ya karoti, asijue acheke au alie. Alizaliwa katika ardhi hii. Alijua kwamba cheo kile hakitolewi wala hakiondolewi kwa maneno ya njiani, na kwamba ukimwambia mtu apumzike mbele ya mashahidi, umemstaafisha. Mgeni angesamehewa. Yeye, aliyepewa kiti maalumu cha kuuliza fulana itawafanyia nini watu, alikuwa amelifanya jambo hilo kwa kinywa chake mwenyewe.

Njiani kurudi nyumbani akauona ukubwa wa alichokipata. Fulana ilikuwa haikusema uongo. Bibi alikauka kweli. Ila alikauka kwa sababu fulana ilimwondolea mtu wa kunywa naye. Kitu kilikuwa kinapima ugonjwa ambao kiliuleta chenyewe. Hilo ndilo jambo ambalo hesabu za Hesselink hazikuliona. Lakini papo hapo akaona pia mlango ambao Hesselink angetokea: angesema jaribio limeharibika, kwamba kosa ni la Dineke na si la fulana, na mchoro ungeondoka. Ingewezekana kulinyamazia neno la mlangoni pa kanisa na kueleza mengine yote. Alilifikiria hilo kwa urefu wa sala moja, kisha akaliacha, kwa kuwa ushahidi uliokatwa nusu si ushahidi mbele ya Mungu wala mbele ya sayansi.

Asubuhi ya Alhamisi aliwaeleza Hesselink na Sietse kila kitu, mpaka habari ya keki.

Hesselink akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo si fulana," akasema. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Basi jaribio halina maana. Nasikitika, Dineke. Nasema kweli, nasikitika."

Sietse, ambaye kwa kawaida hakufungua kinywa mkubwa wake akisema, akainuka akatoka nje. Walisikia hatua zake zikienda kwenye mashine ya kahawa, halafu sauti ya karatasi ikibanduliwa ukutani. Akarudi na bango ambalo watengenezaji walilituma mapema lipate maoni, ambalo kila mtu wa maabara ile alikuwa akilitazama kila siku huku akisubiri kikombe kijae. Lilikuwa na picha ya bibi mwenye tabasamu dirishani, na chini yake maneno makubwa: *Pumzika. Sisi tunamwangalia.*

"Dineke amemwambia mtu mmoja," Sietse akasema. "Hili litabandikwa kila kituo cha treni."

Hesselink akalishika bango kwa mikono miwili. Alilitazama muda mrefu, na waliokuwepo waliona kwamba hakuwa akiitazama picha.

"Mama yangu hakuwa na Gait," akasema hatimaye.

"Hakuwa naye," Dineke akajibu. "Na kwa walio kama yeye, kituo kiwepo, tena kisilale. Mimi naomba tu tusiwanyang'anye walio naye."

"Mvaaji mwenyewe ataje jina," Sietse akadakia. "Kifungo kimwite huyo kwanza. Asipoitika, ndipo kituo. Kuchora upya kunawezekana, Wolter, nikipunguza kulala kidogo."

"Wewe hulali hata sasa." Hesselink akalikunja bango, akaliweka chini ya kwapa. "Mchoro hauondoki kesho. Nitawaambia mwenyewe. Lakini nataka kumwona huyu mzee wa maziwa."

Likabaki la Gait. Dineke alikwenda kumwomba radhi, naye mzee akazipokea bila shida, ila kurudi kwenye kazi yake akakataa. Aliyevuliwa mbele ya watu hurudishwa mbele ya watu. Tena, alisema, kuna hiyo fulana: imeshaingia mtaani, imelala ndani ya nyumba, wala haijafanywa jirani kwa taratibu zake. Hata mtu mwenye tabia nzuri, asipofanywa jirani, ni mpita njia.

"Mnataka tuifanye fulana jirani?" Dineke akauliza.

"Jirani wa pili," Gait akasema kwa ukali. "Wa kwanza yupo."

Jumamosi, basi, njia ile ya Buurse iliona maajabu. Mbele alikuja Profesa Wolter Hesselink, amebeba begani ncha ya ngazi ya mbao, na nyuma yake Sietse amebeba ncha ya pili, na juu ya ngazi ulilazwa mkate wa zabibu mrefu kuliko mtu. Desturi inataka wabebaji wasimamishwe katika kila mlango, wapewe kitu cha kukata kiu na kuulizwa maswali ya kijinga, na watu wa njia ile hawakupunguza hata kimoja.

"Mtoto ni wa nani?" akauliza mama mmoja.

"Wa profesa," akajibu Gait, aliyekuwa akiongoza msafara kwa fimbo.

"Amefanana naye?"

"Mwembamba vilevile."

Hesselink, ambaye hapendi mzaha wakati wa kazi, aliona pengine kwamba hii si kazi, au kwamba ni kazi ya namna nyingine, kwa maana alicheka mpaka ngazi ikayumba na Sietse akaomba huruma. Sebuleni kwa Jenneken walijaa watu mpaka kwenye dirisha. Dineke akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba maneno aliyoyasema mlangoni pa kanisa ameyarudisha kinywani mwake, na kwamba Gait Nijhuis ndiye jirani wa kwanza wa nyumba hii kama alivyokuwa. Gait akavua kofia. Jenneken akashughulika na kopo la biskuti, kwa sababu macho yake yalihitaji jambo la kufanya.

Kisha fulana ya akiba ikatandazwa juu ya kiti, ikasomewa haki zake na wajibu wake: isiseme ya ndani ya nyumba huko nje isipokuwa kwa ajili ya afya, isiamshe mtu bure, na ijue nafasi yake. Hesselink akaitikia kwa niaba yake. Dineke alimwona akilirudia lile sharti la kwanza midomoni, taratibu, kama mtu anayelihifadhi akalifanyie kazi, akajua kwamba kiti chake kisicho na meza kingemtosha mwaka huo.

Walipokuwa wakikata mkate, simu ya Sietse ikalia. Wote wakageuka kumtazama Jenneken.

"Msinitazame mimi," akasema. "Leo nimejaa kama kisima."

Sietse akaisoma skrini mara mbili. "Si bibi. Ni Wolter."

Ilikuwa kweli. Profesa alikuwa amevaa fulana mojawapo tangu asubuhi ili aionje mwenyewe, na kwa kubeba ngazi katika jua, huku akiona haya kumaliza glasi alizopewa milangoni, alikuwa amekauka kuliko mzee yeyote chumbani. Jenneken hakungoja kuambiwa. Akamwekea kikombe cha kahawa, na glasi ya maji, na glasi nyingine nyuma ya hiyo.

"Kunywa, baba. Hii nguo yako ina umbea, lakini haina uongo."

Alipokuwa akinywa, Sietse akafungua ukurasa mpya aliouandaa usiku wa kuamkia jana. "Inataka jina, Wolter. Jirani wako wa kwanza ni nani?"

Hesselink akashusha glasi. Alifikiria mtaa wake mzuri wa mjini, nyumba ya kulia na nyumba ya kushoto. Hakujua jina la hata mmoja. Watu wakaanza kutazama makombo mezani ili wasimtazame yeye.

"Andika jina langu," Gait akasema, akichukua kipande cha pili cha mkate. "Kwa muda tu, mpaka apate wa kwake. Huko mjini ninafika, gari ninalo." Akamgeukia profesa na kumtolea kidole. "Lakini usinisumbue na simu kila saa. Wewe jua likichomoza, fungua mapazia. Saa mbili, si zaidi. Na saa nne uwe unakunywa kahawa na mtu."

"Na mtu gani?"

"Hilo kaulize kwenye nyumba ya kulia. Wakikataa, nenda ya kushoto. Wakikataa wote, njoo hapa, ingawa kahawa ya hapa, nikwambie ukweli, ni nyepesi."

"Kahawa yangu imemshinda nani?" Jenneken akauliza kutoka jikoni.

"Nimesema nzuri, jirani."

Hesselink akacheka, akaijaza mwenyewe glasi yake mara nyingine. Muda si mrefu, mkononi mwa Sietse, alama yake ikageuka kutoka nyekundu kuwa njano, halafu kijani.